Pambizoni mwa Daftari la Josho

Darubini hii ina ufa kwenye jicho la kushoto,
kwa hiyo kila nikionacho kina kovu.
Nimeegemea ukuta wa josho, kusini mwa Gwanda,
huku ambako Mto Shashe hujifanya mto
miezi miwili kwa mwaka, kisha hurudi kuwa mchanga.
Ng'ombe wa Jumanne wamepanga foleni, mia moja arobaini na wawili,
nami nahesabu, ndiyo kazi yangu,
mpaka nafika kwa Skotimani, maksai wa MaDlodlo,
na hesabu inanipotea.

Begani pake kuna kitu
chenye rangi ya udongo uliolowa,
mkia umekazwa kama mguu wa tatu,
kinaipanda shingo kwa vidole, si kwa mbawa,
kama fundi kwenye ngazi ajuaye kipandio kipi kimeoza.
Mdomo mwekundu.
Duara la njano limelizunguka jicho.
Nashusha darubini, naifuta kwa pindo la sketi, naipandisha.
Mdomo bado mwekundu.

Huku wanamwita ihlalanyathi, mkaa juu ya nyati.
Nyati waliondoka kabla sijazaliwa,
wakaliacha jina bila mahali pa kukaa.
Mimi nilimjua kitabuni tu, ukurasa uliobanduka,
kati ya kwezi na chozi.

Baba yangu, Mqhele, alimimina dawa humu
miaka ishirini na sita.
Dawa ile ya zamani, harufu ya vitunguu saumu vilivyooza,
ndoo kwa ndoo, kitambaa kimefungwa puani.
Ng'ombe alitumbukia na kupe, akatoka nao wakifa.
Kupe walikufa polepole; aliyewala alikufa haraka.
Siku moja aliokota kumi na mmoja chini ya mopane,
matumbo yamejaa, makucha yamekunjwa
kana kwamba bado yameshika ngozi ya mtu.
Hakumwambia bwana mifugo.
Alimwambia mama, na mama aliniambia mimi,
akikwangua sufuria, bila kunitazama.

Leo amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya kibanda,
macho yote mawili yana mtoto wa jicho.
Baba, nasema. Usiseme kitu. Sikiliza.
Anasikiliza. Ng'ombe anakojoa. Mbekezeli anamtukana ndama.
Halafu ile sauti: ksss, ksss,
kaa la moto limedondoka majini.
Kidole chake kinaacha kugongagonga mkongojo.
"Ni mmoja?"
"Mmoja."
"Hawakai mmoja. Tazama tumboni, upande wa kivuli."

Natazama. Simwoni wa pili.
Ila naona anachofanya wa kwanza:
amefika kwenye kidonda cha ubavuni,
pale waya ulipomchana Skotimani wiki jana,
na hachambui kupe. Anakunywa.
Anachovya, anainua kichwa, anachovya,
na Skotimani anacheua, macho nusu,
kama mteja wa kinyozi aliyekatwa sikio na akasamehe.
Nakuta nina jiwe mkononi.

"Anamnyonya damu," namwambia baba.
Anacheka, kicheko kikavu, cha gome.
"Ulidhani walikuwa watakatifu?
Mimi niliua wezi, mwanangu. Wezi kumi na mmoja.
Ila kupe walirudi."

Nadondosha jiwe. Si kwa huruma:
foleni imeanza kusukumana,
na dawa ya leo (nimeisoma lebo mara tatu)
haitaki kukaa juani.
Baba anauliza rangi ya mdomo. Namwambia tena.
Anauliza kama imekolea. Namwambia.

Daftari lina safu ya ng'ombe, safu ya ndama,
safu ya lita, safu ya sahihi.
Ndege hana safu.
Pambizoni, kwa penseli, maana penseli hufutika
na jambo hili bado silisadiki,
naandika: shashi, mmoja.
Nusura liwe jina la mto.

"Upande wa kivuli, nimekwambia," anasema baba,
nami nazunguka nyuma ya maksai,
nimeinama, kisha nimepiga magoti,
tope la josho likinipanda mapajani.